Keremkerem wa Ziwani

Foleni ilianzia kwenye ngazi za jumba la makumbusho, ikapita dirisha la tiketi, ikaingia ukumbini, na kila aliyesimama ndani yake alikuwa amekumbatia picha. Wengine wamezifunga kwa shuka, wengine kwa magazeti. Baba mmoja alikuja na mlango mzima, ameung'oa nyumbani pamoja na bawaba zake, kwa kuwa ndege wake alichorwa hapo hapo mlangoni. Tangazo lilisema: leta picha yoyote yenye ndege, tutakwambia bure ni ndege gani. Bure! Neno hilo linavyovuta watu, sina haja ya kukueleza.

Aliyekuwa akiwaambia ni dada mmoja tu, kasimama nyuma ya meza, kalamu mdomoni. Kiti alikuwa nacho ila hakukikalia. Mama yake alikuwa akilalamika tangu zamani kwamba mtoto huyu hata chakula anakula akitembea. Kazini walimwita Manyoya, maana alishinda kutwa kwenye makabati ya ndege waliokaushwa, na jioni akatoka na unyoya kwenye nywele bila habari. Siku hiyo alivaa gauni jekundu la mikono mifupi na viatu bapa, vya mtu anayejua atazunguka.

"Huyu ni tausi," mama mmoja akawahi kusema, hata shuka hajamaliza kulifungua.

"Mama, huyu ni bata mzinga."

"Tausi! Marehemu mume wangu alinipa akasema tausi."

Manyoya akaitazama picha, akamtazama mama. "Basi mzee alikupa kwa moyo wa tausi," akasema, kisha akaandika kwenye kadi: *bata mzinga, dume*. Kwenye kadi hakuwa na huruma na mtu. Mama akaondoka anacheka na kusonya kwa pamoja.

Aliyefuata alikuwa kaka mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, lakini kucha zina rangi zisizotoka. Akaweka mezani picha ndogo.

"Kwera," Manyoya akasema papo hapo. "Dume, ila bado kijana. Tazama kiota kilivyolala upande. Hajajua kusuka huyu."

Kaka akacheka mpaka waliokuwa nyuma wakachungulia. "Nilikaa chini ya mti ule siku nne. Kiota kilianguka mara mbili."

"Umechora wewe?"

"Mimi."

"Basi hukuja kuuliza. Umekuja kunipima."

"Nimekuja kuhakikisha. Nimeambiwa mjini hapa yupo mtu mmoja anayeangalia kweli."

"Na umeonaje?"

"Nimeona gauni limekukaa."

"Kaka, foleni!" baba wa mlango akapaza sauti. "Mikono inaniuma!"

Manyoya akaandika kadi ya kwera. Alipoigeuza picha kubandika kadi, akakuta namba ya simu imeandikwa nyuma kwa penseli.

Jamani, tusidanganyane. Alipiga siku ile ile, saa kumi na moja, hata funguo za makabati hajarudisha.

Ndivyo yalivyoanza. Mchoraji alipanga chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, dirisha linatazama paa za mabati, na ukutani penseli zimepangwa kwa urefu. Alikuwa na sifa moja iliyofanya watu wamtafute: hachori asichokiona kwa macho yake. Ukimtaka ndege, ataenda kumkalia. Manyoya alimpenda kwa hilo kabla hajampenda kwa mengine. Walitembea sana, maana Manyoya hawezi kukaa, na Mchoraji alijifunza kuongea hatua moja nyuma yake.

"Mpenzi, tunakwenda wapi?"

"Popote. Twende tu."

"Miguu yako ina ugomvi na nani?"

"Na wewe, kwa uvivu wako."

Hawakufichana mengi. Mchoraji alimwambia mapema kwamba aliwahi kuchumbia Msusi mmoja, wakaachana, na Msusi akahamia mji mmoja wa mtoni, safari ya saa sita kwa basi. Manyoya akasema hana neno. Alikuwa nalo, ila akalikalia.

Mwezi wa saba, makumbusho yakampa Mchoraji kazi kubwa: picha ya kutundikwa ukutani kwa ajili ya maonyesho mapya, ndege yeyote wa ziwani anayempenda. Akachagua keremkerem, wale ndege wembamba wa mkia mrefu wanaokula nyuki. Angekaa ziwani wiki mbili. Akirudi, Jumapili itakayofuata, angekwenda kujitambulisha kwa mama yake Manyoya. Mama mtu aliposikia hivyo akaazima viti kumi na viwili kwa jirani, akavipanga sebuleni, vikabaki vinasubiri.

Siku moja kabla ya safari, Mchoraji alishuka kwenda kukata tiketi. Manyoya akabaki chumbani peke yake, na mtu asiyeweza kukaa ukimwacha chumbani utarajie nini? Akapanga. Akafagia, akakung'uta godoro, akafika kwenye rangi. Mchoraji alikuwa akichanganya rangi mwenyewe na kuziweka kwenye chupa za jemu, zote za aina moja, zimechafuka, na shingoni mwa kila moja kumefungwa uzi mweusi kwa uchafu. Manyoya akazisugua zikang'aa. Nyuzi akazikata kwa mkasi akatupa. Chupa akazipanga dirishani kwa uzuri, nyekundu, kijani, kahawia, buluu, mpaka fundi viatu kule chini akasema leo dirisha limevaa.

Mchoraji aliporudi alisimama mlangoni na tiketi mkononi.

"Hata asante?" Manyoya akauliza.

"Umefanya kazi kubwa."

"Lakini hujafurahi."

"Nimefurahi, mpenzi wangu." Akazitazama chupa moja moja, kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kesho yake alfajiri akazifungasha pamoja na turubai, akapanda basi.

Siku za kwanza simu ziliingia kila jioni.

"Uko wapi, mbona unahema?"

"Niko juu ya jiwe. Mtandao wa huku mpaka uupandie."

"Umemwona?"

"Yupo. Anakuja kwenye mti mkavu kila saa nne. Akitaka kuruka anainamisha kichwa kama wewe ukiandika kadi."

"Mwongo wewe."

"Njoo umuulize."

Siku ya tisa simu haikupatikana. Ya kumi hivyo hivyo, na ya kumi na moja. Manyoya alizunguka makabati yake mpaka Mama Tiketi, yule wa dirishani, akamwambia, "Mwanangu, utachimba shimo kwenye sakafu ya serikali." Siku ya kumi na mbili Mchoraji akapiga: simu ilidondoka majini, ilikuwa juani ikikauka. Manyoya akasema sawa. Moyoni haikuwa sawa hata kidogo.

Aliporudi, Manyoya alipanda zile ngazi mbili mbili. Akamkumbatia, akamnusa shingo, akamcheka kwa jua lilivyomchoma. Ndipo Mchoraji akavuta shuka kwenye turubai.

Ulikuwa mti mkavu, na nyuma yake maji, buluu tupu. Kwenye tawi alitua keremkerem, hai kabisa, unahofu kupiga chafya asije akaruka. Mwili mwekundu.

Kalamu ikapanda mdomoni mwa Manyoya.

"Sema basi," Mchoraji akamsihi, anatabasamu.

"Huyu umemwona wapi?"

"Ziwani. Nimekwambia, kwenye mti."

"Ziwani hakuna huyu. Wa ziwani ni wa kijani. Huyu mwekundu anakaa kwenye kingo za mto, anachimba mashimo kwenye udongo." Sauti ikaanza kumpanda. "Mto mmoja tu. Na unajua mji gani uko kwenye mto huo, na nani anasuka nywele hapo."

Mchoraji akageuka kuitazama picha. Uso ukamwiva, kisha ukamparara.

"Mwekundu?" akauliza polepole.

"Usinirudishie swali! Siku tatu simu haipatikani. Wewe mwenyewe husema huchori usichokiona. Ulikuwa kwake?"

"Nilikuwa ziwani."

"Basi nieleze huyu ndege!"

Angeweza kueleza. Sentensi moja tu ingetosha. Alifungua mdomo, akazitazama zile chupa, alizokwisha kuzirudisha dirishani, akaufunga.

"Kama kadi yako imesema hivyo," akasema, "mimi nitabishana na kadi?"

Manyoya alishuka ngazi akilia bila kujificha, fundi viatu akasimamisha nyundo yake. Jumapili ile viti kumi na viwili vilikaa vitupu. Mama akauliza mara moja tu, akajibiwa kwa mlango uliobamizwa, akaacha.

Picha ilikwishalipiwa, kwa hiyo ikapanda ukutani. Mwenye kuandika kadi alikuwa Manyoya, na aliandika: *Keremkerem mwekundu. Ndege wa kingo za mto.* Watu wakaja, wakasifu. Alipita mbele ya ukuta ule mara ishirini kwa siku akiwa kageuza shingo. Usingizi ulimkimbia, chakula kikawa hakipandi, na namba ya Mchoraji aliifuta, ingawa aliijua kwa kichwa kama jina lake.

Ikapita miezi miwili hivyo. Halafu makumbusho yakachukua wanafunzi wanane wa kazi ya kuongoza wageni, watu wazima, na Manyoya akapewa kuwafundisha ndege. Somo lake la kwanza lilikuwa lile lile miaka yote.

"Umbo kwanza," aliwaambia, akizunguka katikati ya viti. "Mdomo, mkia, uso, anavyokaa. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Rangi inabadilika na mwanga, na umri, na vumbi. Ukianza na rangi utadanganyika."

Siku ya mtihani mashine ya kunakili iliishiwa wino wa rangi. Akatoa nakala za kijivu za picha kumi za ukumbini, akaona bora zaidi, watajibu kwa umbo. Aliposahihisha, wanafunzi saba walikuwa wameandika namba nane ni keremkerem mwekundu, kama kadi ya ukumbini inavyosema. Mmoja aliandika *wa kijani*. Huyo alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miwani mizito, mwenye kuandika herufi kubwa kubwa. Manyoya akampiga kosa.

Mkunga hakukubali. "Dada, hapa umenionea."

"Mama, kadi ukumbini inasema mwekundu."

"Sikuangalia kadi. Wewe ulisema umbo kwanza. Kwenye kitabu chako, yule wa kijani ana mistari miwili myepesi usoni, mmoja juu ya jicho, mmoja chini. Mwekundu hana. Huyu hapa mistari ni ya nini?"

Manyoya akaichukua nakala. Kijivu. Mti wa kijivu, maji ya kijivu, ndege wa kijivu. Na usoni, juu ya jicho na chini ya jicho, mistari miwili safi.

"Samahani, mama," akasema. "Nakuja."

Alikimbia. Ukumbini akasimama mbele ya ule ukuta kwa mara ya kwanza tangu abandike kadi. Mistari ilikuwapo, buluu nyepesi, inaonekana toka mlangoni! Siku ile aliiona na hakuiona, kwa sababu alikwishaona Msusi. Akaendelea kusoma, sasa kama mtu wa kazi. Utosi mwekundu, ambao kwa mwekundu wa kweli hauwi hivyo. Koo kijani, pale ambapo yule wa ziwani ana wekundu wa kutu. Kila penye kijani pamekaa nyekundu, na kila penye nyekundu pamekaa kijani. Buluu haikukosewa hata mahali pamoja.

Nani anakosea hivyo? Anayejua kila unyoya ulipo, lakini chupa mbili haziwezi kumwambia ipi ni ipi.

Chupa. Akazikumbuka zilivyong'aa dirishani. Akaukumbuka mkasi.

Mchoraji alikuwa na dada mmoja, fundi cherehani, katika mji mwingine. Manyoya aliwahi kuongea naye mara mbili tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Cherehani ikasimama. "Ndiye wewe uliyemkausha mdogo wangu?"

"Dada, niulize kitu kimoja halafu unitukane. Zile nyuzi kwenye chupa za rangi zilikuwa za nini?"

"Nani kakwambia habari za nyuzi?"

"Nilizikata mimi. Niliona ni uchafu."

"Mungu wangu." Dada akavuta pumzi. "Nilimfungia mimi. Fundo moja nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Hazitofautishi, tangu kuzaliwa. Shuleni alichora nyasi nyekundu, mwalimu akamsimamisha darasa zima wamcheke. Toka siku hiyo hakumwambia mtu. Jina la rangi analipata kwa kupapasa mafundo, rangi ya ndege anaisoma kitabuni. Hata baba amekufa hajui."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Mchoraji asiyeona rangi, mama, nani atamtaka? Hilo ndilo analoamini. Picha ameacha. Anachora mistari ya barabara. Anasema ni nyeupe tupu, hapo hawezi kukosea."

Manyoya alipita duka la vitambaa, kisha akatembea mji mzima. Aliuliza kila penye koni za barabarani, akafukuzwa mara mbili, akampata saa saba mchana kwenye makutano makubwa, jua la kupasua. Mchoraji amevaa fulana ya kumeremeta na kofia ya majani, kainama na ndoo ya rangi nyeupe, anachora kivuko cha waenda kwa miguu. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya wenzake wote. Magari yalipiga honi.

"Dada! Rangi mbichi hiyo!" msimamizi akapiga kelele.

Alikuwa amekwishaikanyaga. Akasimama na kiatu cheupe.

"Keremkerem wa kijani," akasema, anahema. "Ndege wa ziwani. Ana mistari miwili usoni."

Mchoraji hakuinuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Umemchora."

"Nimemchora mwekundu."

"Mkunga mstaafu, kwenye karatasi ya kijivu isiyo na rangi hata chembe, amemjua! Mimi mwenye kazi yangu ndiye sikumjua. Nyuzi nilikata mimi, halafu nikakuita mwongo mimi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Ungeniambia sentensi moja!"

"Niseme nini? Niliposikia mwekundu, nilijua nimekwisha." Akaweka brashi juu ya ndoo. "Ukiniita mwongo unaondoka na hasira. Ungejua ukweli ungeondoka na huruma. Nilichagua hasira."

"Nani kakwambia ningeondoka?"

"Wewe kazi yako ni kuona!"

"Na wewe unafanya nini? Unakaa siku kumi na nne chini ya jua unamtazama ndege mmoja. Mimi nilimtazama dakika moja nikaona mwanamke mwingine. Kati yetu nani haoni?"

Honi zikazidi. Msimamizi akaja na kibao chake, akawatazama, akarudi kusimamisha magari ya upande ule. Naye ni mtu.

Mchoraji akainuka, magoti yamejaa rangi. "Umekonda," akasema.

"Na wewe umeungua."

"Nilikukosa mpaka nikawa napanda mawe bila sababu, kana kwamba mtandao ndio tatizo."

Manyoya akacheka katikati ya kulia. Akatoa mfukoni kibunda cha uzi mpya. "Nitazifunga upya. Moja nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Na ile kadi naibadilisha leo, lakini nitaandika utakachoniruhusu tu. Jina la ndege peke yake, au na sababu."

Mchoraji akaitazama mistari yake myeupe. "Picha itashushwa?"

"Hakuna wa kuigusa. Kadi ndiyo ilikosea."

"Basi andika na sababu," akasema. "Andika mchoraji haoni nyekundu na kijani, na kwamba ndege ni yule yule."

Manyoya akamshika mkono, rangi na yote.

"Nami nina swali," Mchoraji akasema. "Lile gauni la siku ya kwanza. Lilikuwa rangi gani?"

"Ulidhani rangi gani?"

"Sikujua. Nimelichora mara nne, nikazificha picha zote, kwa kuogopa utazikuta."

"Lilikuwa jekundu."

"Jekundu," akarudia, anajifunza. "Nitakuwa nakuuliza mambo kama haya kila siku, mpaka tuzeeke. Utachoka. Nasema mapema, kabla hujakubali kuolewa nami."

"Hilo ni swali au ni onyo?"

"Vyote."

"Nimekubali vyote."

Msimamizi akapuliza kipenga. Magari yakaanza kusogea, wakavuka mbio hadi ng'ambo, mguu mmoja wa Manyoya ukiacha alama nyeupe kila hatua. Kwenye kivuli cha ukuta akatoa simu.

"Mama, shikamoo. Vile viti vya jirani, ulikwisharudisha?"

"Marahaba. Nirudishe kwa nini?" mama akajibu, nyuma yake maji yakimwagika kwenye sufuria. "Jirani kila wiki anavidai, kila wiki namwambia Jumapili. Haya, ni Jumapili ipi?"

"Hii, mama."

"Mwambie asichelewe. Na wewe, siku hiyo, nakuomba ukae."